Programu ya Mtu Mmoja

Kwa miaka mingi chumba kile cha ghorofa ya juu kilikuwa na watu wawili, na kazi yao iligawanyika bila ugomvi: mmoja anaandika, mwingine anapeleka. Mwandishi alikuwa mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Mama Tovuti, ingawa hakuwa na mtoto wala mume. Tovuti za watu ndizo alizozilea. Mpelekaji alikuwa mwanamume aliyemzidi umri, mpole, mwenye kikohozi cha kuanzia sentensi. Huyo walimwita Posta.

Mama Tovuti akimaliza ukurasa aliuweka kwenye folda yao ya pamoja na kusema, "Mzigo huo." Posta, aliyekaa meza ya pili akiwa amempa mgongo, aliufungua na kuusoma toka juu hadi chini huku midomo ikicheza. Kisha aliupeleka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti ili kila mtu azione. "Umefika," alisema. Siku nyingine hayo ndiyo maneno yao yote mpaka jioni. Migongo miwili ilizoeana kuliko nyuso nyingi zinavyozoeana.

Wapo waliodhani ni mke na mume, na wapo waliodhani ni ndugu wa tumbo moja. Wao hawakuwasahihisha. Mama Tovuti alimwita Posta kaka, naye Posta akamwita mdogo wangu, na binti wa Posta alipofika kumsalimia baba yake alimwita Mama Tovuti shangazi, kama inavyostahili.

Halafu macho ya Posta yakaanza kumtoroka. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba walichelewa. Uwezo wa kuona ulijifunga kutoka pembeni kuja kati, mpaka akawa anaitazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na mwisho bomba lenyewe likaziba. Binti yake, mwalimu katika mji wa jirani, alikuja na gari la kukodi. Akabeba nguo za baba yake, viatu na redio. Posta alishuka ngazi akiwa ameshika bega la binti, akihesabu vidato kwa unyayo.

"Tutaongea, mdogo wangu," alisema kutoka chini.

"Tutaongea, kaka."

Hawakuongea. Mama Tovuti alipopiga simu, iliita mpaka ikachoka. Alipopiga kwa binti, aliambiwa, "Baba amejilaza kidogo, shangazi," au, "Baba yuko uani." Alijifariji kwamba mtu aliyepoteza macho ana msiba wake, na msiba haukimbizwi.

Kazi hata hivyo haikusubiri msiba uishe. Sasa ilimbidi aandike kwenye meza yake, ahifadhi, ainuke, aende kwenye kompyuta mpakato ya Posta, afungue programu ya kupelekea mafaili, atafute folda, apeleke, kisha arudi. Ile programu Posta aliipanga kwa mkono wake, na majina ya folda alikuwa ameyakata hadi herufi mbili mbili alizozijua mwenyewe. Mara moja Mama Tovuti alipeleka ukurasa wa zamani juu ya mpya, akapoteza kazi ya asubuhi nzima. Mara nyingine alipeleka picha za duka la vitanda kwenye tovuti ya wauza majeneza, na bahati nzuri aliziona mwenyewe kabla mtu hajaanza kucheka.

Akaamua kutafuta programu moja itakayofanya yote: uandikie humo kodi za ukurasa, na humo humo uzipeleke kwenye seva, bila kuinuka. Programu ya mtu mmoja.

Seremala wa chini, aliyepanda kuomba chaja, alimkuta akiinamia kioo.

"Leo una shughuli gani, jirani?"

"Natafuta programu ya kuandikia kodi."

Seremala akakunja uso. "Kodi? Ya nyumba ishafika tena?"

"Si hiyo. Ni maandishi ya kuielekeza kompyuta."

"Basi badilisheni jina," alisema seremala, akashusha pumzi. "Utakuja kuua mtu."

Mama Tovuti alicheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Hakikuwa kimesikika chumbani humo kwa siku nyingi. Seremala alipoondoka na chaja, akarudi kwenye kioo.

Programu ya kwanza aliyoijaribu ilisifiwa na kila mtu mtandaoni. Ilijua lugha zote za kompyuta, ilikamilisha maneno kabla hujayamaliza, na rangi zake zilipendeza. Lakini kupeleka mafaili haikuzaliwa nako. Ilikuwa lazima uiongezee kipande kilichotengenezwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameacha kukihudumia. Malalamiko ya watumiaji yalikuwa yamepangana chini ya jina lake bila jibu hata moja. Juu ya hayo, programu ilikuwa nzito. Feni ya kompyuta ililia kama inapandishwa mlima. Akaifuta.

Ya pili ilikuwa nyepesi. Ilifunguka mara moja. Kushoto kulikuwa na mafaili yake, kulia mafaili ya seva, katikati ukurasa anaoandika. Nenosiri uliliweka mara moja tu, njia ya kupelekea ilikuwa ya siri iliyofungwa vizuri, na faili lililobadilika lilipakwa rangi ili usisahau kulituma. Zaidi ya hayo, ilikuwa na kitufe cha kuiamuru ipeleke yenyewe kila unapohifadhi. Mama Tovuti alikiwasha. Akabadilisha neno moja kwenye ukurasa wa majaribio, akahifadhi, akautazama kwenye simu. Neno lilikuwa tayari limebadilika. Alitaka kumwonyesha mtu. Aligeuza hata kiti. Kisha akakirudisha kilivyokuwa.

Ikawa hivyo kwa muda: kuandika, kuhifadhi, kuandika. Kazi ilikwenda haraka kuliko zamani, na siku zikawa ndefu kuliko zamani, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusimama na kusubiri mtu asome. Wateja waliandika ujumbe tu, naye akajibu kwa ujumbe. Jioni moja alikwenda dukani kununua sabuni, na alipomsalimia muuzaji sauti ilitoka na mkwaruzo. Ndipo alipogundua kwamba hajatamka neno tangu asubuhi.

Kisha likaja jambo la chuo cha ushonaji.

Chuo kilikuwa kinataka tovuti mpya kabla ya kupokea wanafunzi, na mkuu wa chuo alikuwa ameahidi kuandika maneno ya ukaribisho. Alikuwa akiyaahidi kila wiki. Mama Tovuti alikuwa na tabia ya miaka yote, kwamba mahali palipokosa maneno huweka ya kwake ili kushikilia nafasi, na maneno hayo hayakuwa ya kanisani. Zamani Posta ndiye aliyekuwa akiyakuta, anakohoa kicheko, anayaondoa. Kwa hiyo Mama Tovuti alipofika kwenye nafasi ya mkuu, vidole viliandika vyenyewe: "Hapa patakaa maneno ya mkuu wa chuo, siku atakaposhuka kwenye kiti chake cha enzi na kuyaandika." Akahifadhi. Akaenda kununua kitu cha kula.

Simu ilimkuta kwenye foleni.

"Wewe ndiwe Mama Tovuti?"

"Ndimi, mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Niko na wajumbe wa bodi. Nimewafungulia tovuti kwenye ukuta, kwa ile mashine ya kuonyeshea. Nikuulize, hicho kiti cha enzi ni kipi?"

Mama Tovuti aliacha foleni. Alikimbia kwa ndala, akapanda ngazi, akafuta ile sentensi na kuhifadhi, na sentensi ikatoweka kwenye seva kwa haraka ile ile iliyoifikisha. Aliomba radhi kwa simu, akaomba tena kwa maandishi. Mkuu hakumnyang'anya kazi. Alisema tu kwamba mjumbe mmoja alicheka sana, na kwamba yeye mwenyewe hakucheka. Jioni hiyo maneno ya ukaribisho yalifika, marefu kama hotuba ya mazishi.

Baada ya hapo Mama Tovuti alizima kile kitufe cha kupeleka chenyewe. Lakini alijua kitufe hakikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma. Programu ilikuwa imechukua mkono wa Posta. Midomo yake ile iliyokuwa ikicheza haikuwa na mrithi.

Hapo ndipo lilipomjia wazo, na likamfurahisha mpaka akasimama. Kuna programu za kusomea kioo, zinazomsomea kwa sauti mtu asiyeona. Kama angepata programu ya kuandikia na kupelekea ambayo inaelewana na hiyo sauti, Posta angeweza kukaa kwa binti yake, kuusikiliza ukurasa, na kubonyeza uende. Angerudi kazini bila kupanda ngazi.

Akaanza kutafuta upya. Ile nyepesi aliyoipenda haikufaa. Sauti ilipofika kwenye upande wa mafaili ya seva ilisema "kitufe, kitufe, kitufe" bila kusema cha nini. Alijaribu nyingine na nyingine, akiwa amejifunga macho kwa kitambaa, vidole vikipapasa kibodi. Aligonga vikombe. Alipotea ndani ya menyu asijue pa kutokea. Siku hizo alimwaza Posta kuliko siku zote alizokaa naye.

Aliyoipata mwisho ilikuwa na sura mbaya, ya kijivu, kama ofisi ya serikali. Lakini kila kitu kilifikika kwa vidole, na kila kitu kilitamkwa. Kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja kulikupeleka kwenye mafaili ya seva, na sauti ikakutajia faili, ukubwa wake, na kama limefika. Akaiweka kwenye kompyuta ya Posta, akaifunga kompyuta ndani ya taulo, akapanda basi la asubuhi. Hakupiga simu kwanza. Aliogopa kuambiwa amejilaza.

Nyumba ya binti ilikuwa na ua mdogo wenye kamba za nguo. Kabla hajabisha alisikia mtu akiimba. Ilikuwa sauti nene, ya raha, isiyojali kama inasikika. Alipochungulia alimkuta Posta amekaa kwenye mkeka, mjukuu wa kike amelala usingizi kifuani pake, mikono ikimpigapiga mgongo kwa kufuata wimbo. Miaka yote ile hakuwahi kujua kwamba Posta anaimba.

"Hodi," alisema taratibu.

Wimbo ulikatika. Posta alikohoa. "Karibu, mdogo wangu. Nyayo zako nazijua."

Binti alitoka jikoni akifuta mikono, akamkumbatia, akamchukua mtoto, akaleta chai. Walijuliana hali. Posta alikuwa amenenepa kidogo. Alieleza kwamba sasa anajua njia ya kwenda dukani peke yake, kwamba jirani mmoja humsomea habari za mpira, kwamba mjukuu anamwita jina ambalo hakuna anayelielewa. Mama Tovuti alisikiliza, huku taulo likiwa juu ya mapaja yake. Mwishowe hakuweza kusubiri.

"Kaka, nimekuletea kitu."

Akafungua kompyuta, akamshika Posta vidole, akaviweka mahali pake. Sauti ikaanza kusoma ukurasa wa chuo cha ushonaji, kwa matamshi ya mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kusoma maandishi ya kopo la maziwa. Posta aliinamisha kichwa. Midomo yake ikaanza kucheza. Mama Tovuti aliiona, akasogea karibu.

"Rudisha," alisema Posta. "Imesema 'wanafunzi watashonwa bure.'"

Mama Tovuti alitazama. Kweli. Ilipaswa kuwa watashonewa sare bure. Alikuwa ameusoma ukurasa ule mara nyingi asione kitu. Akacheka, Posta akacheka, hata binti alicheka kutoka jikoni.

"Umeona?" alisema Mama Tovuti. "Bado ni wewe. Nitakuwa naandika kule, unasikiliza huku, unabonyeza hapa, unapeleka. Kila kitu kinasema. Nimekijaribu mwenyewe nikiwa nimefumba macho."

Posta aliondoa vidole kwenye kibodi, kimoja kimoja, akavifuta kwenye shati.

"Umehangaika sana, mdogo wangu."

"Si kuhangaika."

"Umehangaika. Ngoja nikwambie, usinikasirikie." Akakohoa. "Sitaki."

"Ni ngumu siku za mwanzo tu, halafu…"

"Si ngumu. Naiweza. Umeona naiweza. Sitaki kazi ile tena." Alisema kwa upole kabisa. "Nilishachoka kabla macho hayajaharibika. Nilikuwa nafika pale asubuhi naangalia ngazi natamani kurudi. Lakini ningekuachaje? Macho yalipokwenda nililia, sikudanganyi. Baada ya kulia nikaona yamenipa ruhusa niliyoogopa kuiomba."

Nguo zilipigapiga kwenye kamba. Mama Tovuti aliitazama chai yake.

"Ndiyo maana hupokei simu."

"Nikisikia ni wewe, najua seva imekwama."

"Ningeweza kuwa napiga kukujulia hali."

"Ungeweza," alisema Posta. "Ile mara ya kwanza binti aliiweka simu sikioni kwangu, nikiwa sijamwambia akwambie nimelala. Uliuliza folda ya duka la vitanda iko wapi, hata kabla sijaitika. Nikamrudishia simu."

Mama Tovuti alitaka kukataa, lakini alikumbuka. Alikuwa ameuliza folda. Alidhani mtandao ndio uliokatika.

"Sikujua maneno mengine ya kukwambia, kaka," alisema. "Tuliongea hayo miaka yote."

"Hata mimi sikuyajua. Kosa ni letu sote." Akanyoosha mkono, akaupata mkono wa Mama Tovuti kwa kukisia, akaugonga mara kadhaa kama alivyompigapiga mjukuu. "Hiyo kompyuta rudi nayo. Huku mtoto ataimwagia uji."

Mama Tovuti alikaa mpaka alasiri. Mtoto aliamka, akamvuta nywele. Walikula. Posta aliombwa aimbe, akakataa, kisha akaimba. Mama Tovuti hakuujua wimbo, akapiga makofi nje ya mpigo, na binti akamcheka, "Shangazi, wewe ni wa kompyuta tu." Wakati wa kuondoka walimsindikiza hadi kona, na akawageukia mara mbili. Binti alimpungia. Posta alikuwa ameelekeza uso upande mwingine, anasikiliza kitu barabarani, anatabasamu.

Ndani ya basi aliweka kompyuta miguuni. Hakulia. Alijisikia kama mtu aliyetafuta ufunguo wa mlango mchana kutwa, kisha akaambiwa kwamba mwenye nyumba hakufungiwa nje.

Siku zilizofuata aliirudia ile programu nyepesi. Ya kijivu aliifuta, kwa heshima, kama anayekunja nguo za mtu mwingine. Hakuwa na sababu tena ya kuchagua kwa ajili ya wawili. Aliipanga nyepesi apendavyo: majina ya folda yakiwa kamili, rangi hafifu zisizochosha, na kabla ya kupeleka lazima imuulize kama ana hakika. Mara nyingi aliposhindwa kujibu swali hilo, aliusoma ukurasa kwa sauti. Seremala akapiga dari kwa ufito. "Jirani, una wageni?"

"Naongea na seva!"

"Msalimie!"

Jumapili moja alimpigia Posta. Alipopokelewa, alimwuliza mtoto ameota meno mangapi. Posta alieleza kuhusu meno, naye akaeleza kuhusu seremala na kodi, na Posta akacheka. Baada ya hapo maneno yakaisha, na kila mmoja akamsikia mwenzake akipumua mpaka Posta akasema haya, mdogo wangu, siku njema. Simu ilikuwa fupi sana. Wiki iliyofuata akapiga tena, na ikawa ndefu kidogo.

Aliyemwonyesha njia ya kupata msomaji alikuwa mkunga, mteja mpya, mwanamke mwenye haraka aliyetaka ukurasa wa kueleza saa zake za kazi na dalili ambazo mjamzito asizipuuze. Mkunga hakupenda ujumbe wa simu. Ukurasa ulipokaribia kuisha, alipanda ngazi mwenyewe bila miadi, akasimama mlangoni akihema.

"Nataka kuuona kabla haujaenda. Kosa moja humo, mtu anapoteza mtoto."

Mama Tovuti alimpa nafasi mbele ya kioo. Mkunga alisoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari, polepole kama anayesoma jina la mgonjwa. Alisahihisha mahali pawili. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena. Mama Tovuti alisimama nyuma yake. Chumba kilikuwa na sauti ya mtu anayesoma, na alitamani ukurasa uwe mrefu.

"Sasa uende," alisema mkunga.

"Bonyeza hapa mwenyewe."

Mkunga alibonyeza. Programu ikauliza kama ana hakika, akasema "Ndiyo" kwa mdomo kwanza, kisha kwa kidole. Wakautazama ukurasa kwenye simu yake. Mkunga akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akachukua mkoba.

Tangu siku hiyo Mama Tovuti aliwaambia wateja wote kwamba ukurasa hauendi mpaka mwenyewe aje kuusoma. Baadhi walilalamika. Wengi walikuja. Muuza majeneza alisoma kwa huzuni inayofaa. Mkuu wa chuo alikuja amevaa suti, akausoma ukaribisho wake wote, akaomba ausome tena. Wakati mwingine walikaa kidogo baada ya kubonyeza, wakaulizana habari za watoto. Mara nyingi walikuwa na haraka.

Mkunga, siku ile ya kwanza, hakukaa. Alikuwa na mama mjamzito anayemsubiri. Mama Tovuti alimfungulia mlango, akasikiliza visigino vyake vikishuka ngazi mpaka mlio wa randa la seremala ukavimeza. Kisha akarudi kuketi, akafungua ukurasa wa mteja mwingine, na mahali palipokosa maneno akapaacha wazi.